Ukuta wa Kuegemeza

Kazi ya Prisila ni kupanga parachichi. Kutwa nzima husimama mbele ya mkanda katika kiwanda cha kufungasha, pembeni mwa Makambako, akitenga lililokomaa na lisilokomaa, lenye kovu na lisilo na kovu, na yote ni ya kijani. Labda ndiyo sababu macho yake, akitoka pale, hukimbilia nyekundu na njano. Wenzake humtania kwamba akipita kwenye meza ya vitenge hupunguza mwendo kama aliyeona ndugu.

Vyumba viwili alivyopanga ni vya Mzee Polikarpo, Mbena aliyestaafu kazi ya reli. Vimepakwa kama vyumba vingi vya kupanga: juu krimu, na kuanzia kiunoni kwenda chini kijivu cha rangi ya mafuta, kinachong'aa ukikifuta. Siku ya kumkabidhi ufunguo mzee alimwambia, "Msumari hapana, brashi hapana. Mengine Mungu atakuongoza."

Prisila alitafuta rangi zisizohitaji msumari wala brashi. Waya wa pazia ulikuwepo. Akauvalisha kitenge chenye maua ya njano. Viti akavifunika vitambaa alivyofuma mwenyewe, vyekundu katikati, vyeupe pembeni. Juu ya kabati akapanga vikapu vya nyasi za milulu, na mlangoni akaotesha maua kwenye makopo. Akirudi kazini jioni, wakati baridi inaanza kuuma vidole, alikuwa akifungua mlango na kusimama kidogo kabla ya kuingia, aone kwanza.

Kisha mama yake akavunjika mguu.

Bibi Dorosela ni mkulima wa milimani, mbele ya Lugarawa, mahali ambapo ukidondosha kiazi unakifuata bondeni. Aliteleza shambani, akapelekwa hospitali ya Ikonda, akawekewa chuma. Daktari alisema arudi kila mwezi kuangaliwa, na kwamba mpaka mfupa ushike asipande mlima wala asishike jembe; la sivyo mguu utapinda na hautanyooka tena. Kijijini kwao hakuna hatua isiyo mlima. Prisila akamleta Makambako, kwenye ardhi tambarare.

Mama aliingia na magongo yake, akazungusha macho. Pazia, vitambaa, vikapu.

"Umepamba kama kanisa siku ya harusi," alisema.

"Asante, mama."

"Harusi ikiisha wanavitoa."

Hakukusudia ubaya kwa kusema hivyo, ndivyo alivyoona. Kila siku alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa. Hilario, kaka yake Prisila, alipopiga simu kutoka kijijini kuuliza hali, mama alijibu, "Tupo tu huku kwa mwenye nyumba." Hakusema kwa Prisila. Alipoombwa amenye viazi aliuliza kisu kiko wapi, ingawa alikiona jana. Na kila wiki swali lake lilikuwa moja: nitarudi lini?

"Mguu ukishika, mama."

"Mguu utashika hata kwangu."

Prisila alinunua pazia la pili, jekundu. Alileta mkeka mpya wenye miraba ya zambarau. Mama alisifu vyote kwa adabu, kama mgeni anavyosifu chakula, na hapo ndipo Prisila alipoumia zaidi.

Siku moja alirudi kazini akakuta harufu kabla ya mlango. Sebuleni mama alikuwa amekaa chini, mguu mbaya umenyooshwa kwenye mto, mikono myekundu hadi viwiko. Nje barabarani walikuwa wakichimba mtaro wa bomba la maji, na udongo mwekundu ulitupwa kando. Mama alikuwa ameufuata kwa magongo, ndoo ndogo kila safari, akaomba samadi mbichi kwa jirani mwenye ng'ombe wa maziwa, akachanganya na majivu. Ukuta mzima wa chini, kile kijivu, ulikuwa umesiribwa. Juu ya wekundu alikuwa ameanza kuchora mistari ya majivu meupe na makaa, inapanda na kushuka kama vilima.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimesiriba." Hakugeuka. "Nimechoka kuwa mgeni."

Prisila aliweka mkoba chini taratibu. Aliyakumbuka ya nyumbani. Kwao mgeni hagusi ukuta. Hata shangazi aliyekaa msimu mzima hakuthubutu kuzamisha kidole kwenye udongo wa kusiriba, kwa maana anayesiriba ni yule atakayelala humo masika na kiangazi. Bibi harusi hupewa ukuta wake asiribe, na hapo watu hujua kwamba amefika. Pazia zote alizonunua hazikuwa zimesema neno hilo. Alitaka kulia, na alitaka kucheka, na papo hapo akasikia kikohozi cha Mzee Polikarpo mlangoni.

"Kamwene," alisalimia mzee kwa Kibena. Halafu akaona. "Hee! Samadi? Kwenye rangi yangu ya mafuta?"

"Karibu, baba," alisema Bibi Dorosela. "Usiegemee, bado mbichi."

"Ninyi Wapangwa! Mtu anajenga kwa saruji ili aachane na samadi, ninyi mnamfuata nayo mpaka ndani?"

"Na ninyi Wabena mnanunua rangi ya mawingu ya mvua mnaipaka ukutani. Mawingu hayawatoshi huko nje?"

Mzee alikaribia kucheka, akajizuia. Akamgeukia Prisila. "Mwanangu, sina ugomvi na mzazi. Lakini Jumapili nikitoka kanisani nataka nione kijivu changu. Nisipokiona, tafuteni nyumba nyingine."

Alipoondoka, mama alichovya kidole akaendelea na kilima chake. "Ukikauka atapenda," alisema. "Wanaume huwa hawapendi kitu kibichi."

Prisila aliokota mkoba wake. Kuosha ukuta ule kulikuwa sawa na kumwambia mama rudi ukingoni mwa kiti. Kutouosha kulikuwa kuhama, na mama hakuwa mtu wa kuhamahama na chuma mguuni. Alilala akitafuta maneno ya kumbembeleza mzee.

Ukuta haukumngoja. Asubuhi, mama alipokuwa akiota moto wa jiko sebuleni, udongo ulianza kupasuka. Ulipasuka kama tope la dimbwi lililokauka, kisha ukaachia. Kipande kimoja, kingine, halafu upande mzima wa dirisha ukateremka na vilima vyake na kusambaa sakafuni. Nyuma yake kijivu kilikuwa vilevile, kinang'aa. Bibi Dorosela alikuwa amesiriba kuta tangu usichana wake, lakini zote zilikuwa za fito na udongo, au za tofali mbichi. Hakuwahi kusiriba rangi ya mafuta, na rangi ya mafuta haishiki kitu.

Alitazama vipande kwa muda mrefu.

"Umenikataa," alisema.

"Mama, ni rangi tu. Inateleza."

"Mimi najua kusiriba, Prisila. Ukuta ukikataa mkono wako, wewe ndiye unayeondoka. Mwite Hilario aje anichukue."

"Na mguu?"

"Mguu ni wangu."

Hilario aliposikia hakubisha. Hakuna aliyewahi kumbishia mama. Alisema atafika Jumatatu.

Jumamosi baada ya kazi Prisila alipiga magoti na ndoo ya maji kuosha yaliyobaki. Hayakuhitaji nguvu. Kitambaa kilipita mara moja tu na udongo ukatoka, pasipo doa. Hilo ndilo lililomsimamisha. Udongo unataka kitu cha kung'ang'ania, alifikiri. Nyumbani ulikuwa na fito ndani yake, umezikumbatia kutoka pande mbili. Hapa ulipewa kioo.

Alikwenda kwa Mzee Polikarpo, nyuma, kwenye mianzi anayoigema pombe ya ulanzi.

"Naomba ile iliyokauka, baba."

"Ya nini? Msumari hapana."

"Hauna msumari."

Mzee alimtazama, akampa panga. "Usiguse mibichi. Hiyo ndiyo inayonipa ulanzi, na ulanzi ndio unaonipa marafiki."

Prisila aliipasua mianzi uani, akaipanga wima na ulalo, akaanza kufunga kwa kamba. Alitaka kipande cha ukuta, kirefu kama mlango na kipana kama kitanda, cha kuegemeza tu. Hakuwa amefunga fito tangu akiwa msichana na vidole vyake vilikuwa vimesahau. Mama alikuwa amekaa kwenye jua la kibarazani, uso ameugeuzia barabara. Kila Prisila alipokaza kamba, fito ilizunguka ikalegea. Hakumwita. Alijua akimwita atakataliwa.

"Hicho ni kitanda cha kuku?" mama aliuliza hatimaye, bado anatazama barabara.

"Ni ukuta."

"Wa nyumba gani?"

"Hauna nyumba. Nyumba ni ya Mzee Polikarpo, atabaki nayo. Ukuta ni wako. Nikihama nauchukua, twende nao."

"Ukuta wa kubeba." Mama alitoa sauti puani. "Sijawahi kuona."

"Hata mimi."

Lori lilipita likielekea Njombe. Prisila akafunga fito nyingine, ikazunguka.

"Zimeachana mno," mama alisema. "Udongo utapita katikati kama mbuzi. Nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Basi ulikuwa unasinzia. Lete hapa."

Akaufungua wote. Kazi yote ya Prisila aliifungua kwa meno na vidole, akaanza upya, akimwamuru binti yake shika huku, vuta, si hivyo, wewe mikono ya parachichi! Jua liliposhuka walikuwa wamefika nusu, na walipoingia ndani mama aliegemeza mgongo wake kwenye kiti chote.

Jumapili Mzee Polikarpo alikuja na koti la kanisani. Alikiona kijivu chake. Kisha akauona ukuta wa mianzi, umesimama pale, umekandikwa upande mmoja, bado unatoa maji. Alibonyeza kwa kidole gumba, akakitazama kidole.

"Mama yangu alikuwa anaweka majivu mengi zaidi," alisema.

"Mama yako alikuwa Mbena," alisema Bibi Dorosela. "Mimi nitaweka yanayotosha."

"Na harufu?"

"Itaisha. Ya ulanzi wako ndiyo haiishi."

Safari hii mzee alicheka. Alisema maadamu hakuna msumari yeye hana neno, akaondoka akijifuta kidole kwenye kitambaa chake cheupe.

Jioni simu ikaita. Alikuwa Hilario, kaulizia basi la alfajiri, anataka kujua mama amejiandaa. Prisila akaiweka simu sikioni mwa mama, naye akarudi nyuma, kwa kuwa alishindwa kusimama karibu. Ukuta wenyewe haukuwa na rangi bado. Ulikuwa tope jekundu tu. Mama angeweza kuuacha hivyo, na kesho wakati kama huu awe kwenye milima yake.

"Hilario," alisema Bibi Dorosela, "panda hilo basi. Lakini pitia kwanza mtoni, pale chini ya shule. Uchimbe ule udongo mweupe. Gunia, si mfuko."

Sauti ya Hilario ilisikika hadi alipokuwa Prisila. "Gunia la udongo nilipandishe basi, mama? Huko Makambako hamna udongo?"

"Upo mwingi. Mweupe haupo, na majivu yanafifia."

"Na wewe? Si nakuja kukuchukua?"

Mama aliutazama ule ukuta, akainamisha kichwa kidogo upande, kama mtu anayepima kitu kwa jicho.

"Wewe leta udongo," alisema. "Nikisiriba upande huu, kuna upande wa pili."