Mama Boneti Agoma Kusaini

Ukitaka kugombana na Mama Boneti, funga boneti ya gari lililolazwa kwenye yadi yake. Si yake, sawa, ni ya mwajiri wake, lakini mtu aliyezunguka banda moja kwa miaka kumi na tisa ana haki ya kusema "yangu", na asiyependa akanune kwao. Banda lenyewe ni refu, bati juu, saruji chini, magari arobaini na mawili kwa mistari mitatu. Mengi ni ya watu waliosafiri kwa muda mrefu, mengine ni ya ndugu wanaovutana mahakamani nani arithi usukani. Mwisho kabisa, karibu na ukuta, ndipo yanapokaa yale makubwa, magari ya kulala, yenye kitanda, jiko, sinki na mapazia madirishani. Wenyewe huyatoa mara moja au mbili kwa mwaka, wakati wa likizo.

Sasa gari likikaa, jamani, panya anahamia. Panya hana makuu. Anataka giza, joto na kimya, na gari lililofungwa linampa vyote vitatu bila kudaiwa kodi. Akishaingia anatafuna nyaya, anachambua sponji za viti, anazalia kwenye kichujio cha hewa. Mwenye gari anarudi baada ya miezi sita, anawasha, kimya. Au anawasha, moshi.

Moshi huo Mama Boneti aliuona kwa macho yake mwaka wa kwanza, alipokuwa mfagiaji tu. Pikapu ya mteja ilishika moto mlangoni kwa sababu ya nyaya zilizotafunwa, na Mzee mwenye yadi akashika kichwa, akasema biashara imekwisha. Mfagiaji akamwambia, "Mzee, niachie mimi msimu mmoja." Watu walicheka mpaka wakakohoa. Yeye akafungua boneti za magari yote akaziacha wazi, mwanga uingie, upepo upite, panya akija akose pa kujificha. Jina likamganda tangu siku hiyo.

Mengine aliyaongeza polepole. Kila tundu la ukuta alilizibia sufi ya chuma, ile ya kusugulia masufuria, kwa sababu panya akiing'ata inamchoma mdomo. Ekzosi alizifunika kwa wavu wa chuma. Jioni alinyunyiza unga mwembamba kandokando ya ukuta, asubuhi akainama kusoma nyayo. "Huyu ni mmoja, mdogo, amekuja kuchungulia," angesema, kisha angetega mtego palepale. Sumu hakuitaka hata kuisikia. Panya aliyekula sumu, alisema, hafii barabarani, anarudi kufia kwake, na kwake ni ndani ya dashibodi ya mteja.

Lakini lililomfanya ajulikane zaidi ni ukaguzi. Gari haliingii bandani mpaka alipekue, na kupekua kwa Mama Boneti si kuchungulia dirishani. Anainua mazulia, anaingiza mkono mzima chini ya viti, anakung'uta mifuko ya milango. Siku moja alikuja bwana mmoja na mkewe, wote wana haraka ya uwanja wa ndege. Mama Boneti akafukua kwenye kiti cha mtoto karanga saba, nusu biskuti na pipi iliyokwisha kulambwa.

"Mama, ni karanga tu!" bwana akalalamika.

"Kwako ni karanga. Kwa panya ni mwaliko wa harusi. Shika ufagio."

"Mimi nifagie?"

"Kwani zilimwagwa na nani? Mimi?"

Bwana alifagia. Mkewe alicheka mpaka akauegemea mlango, na ndege hawakuikosa.

Miaka ikaenda hivyo, mpaka magoti ya Mzee yakamgomea. Akaenda kupumzika kwa bintiye, yadi akamkabidhi mpwa wake. Kijana msafi, shati limenyooka, simu mbili, na shikamoo anatoa vizuri tu. Wote wakamwita Meneja. Ubaya wa Meneja ni kwamba alitaka kila kitu kipendeze kwenye picha. Siku ya tatu alipiga picha ya banda ili aitangaze yadi mtandaoni, akaitazama, akakunja uso.

"Mama, hapa panaonekana kama gereji ya magari yaliyopata ajali. Boneti zote ziko juu! Mteja gani ataleta gari lake hapa?"

"Yule anayetaka kulikuta na nyaya zake, mwanangu."

Meneja alicheka, akampigapiga begani. Wiki hiyo hiyo yakaja maturubai ya buluu, marefu mpaka chini, kila gari na lake. Boneti zikafungwa, funguo zote zikaingia kabatini ofisini. Sufi ya chuma ikang'olewa kwa kuwa ilikuwa inaacha kutu kwenye rangi nyeupe ya ukuta, na matundu yakazibwa kwa povu la njano, lile la kopo linalopulizwa likavimba likakauka. Na ukaguzi? Wateja maalumu wasikaguliwe tena, akasema Meneja, ni kuwadhalilisha.

Mama Boneti alimpa vidonge vyake. Alimwambia povu hilo panya atalitafuna kama mkate, na maturubai hayo ni kuwashonea panya mahema. Meneja akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, wewe una uzoefu wako, mimi nina mpango wangu. Fuata mpango." Naye akafuata, shingo upande. Nasema wazi kwamba aliogopa. Alikuwa amekula chumvi, nyumbani wanamtegemea mdogo wake na wajukuu wawili, na kazi kwa umri wake angeipata wapi? Akanyamaza, na kunyamaza huko kulimkera kuliko panya wote aliowahi kuwatega.

Mwezi huo likaingia gari la kulala jeupe, jipya kabisa. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya darasani, aliyelinunua yeye na mumewe baada ya kusubiri maisha yao yote wazunguke nchi pamoja. Meneja alimpokea mwenyewe, akampa soda baridi, akafunika gari kwa mkono wake. Mama Boneti alisimama pembeni na ufagio wake, hakuruhusiwa hata kufungua mlango. Kwenye kabati juu ya jiko palikuwa na pakiti ya shayiri ya uji, ambayo Mwalimu aliisahau, na angekumbukaje bila kukumbushwa?

Wiki ya pili unga ukasema. Nyayo zilitoka ukutani zikaenda moja kwa moja chini ya turubai la gari jeupe. Mama Boneti akaenda ofisini. Meneja akasema ataangalia. Wiki ya tatu nyayo zikawa njia kuu, za kwenda na za kurudi, akaenda tena. Meneja akasema weka sumu. Akakataa. Mara ya tatu alipokwenda, Meneja alikuwa ameshaiweka sumu mwenyewe, nyuma ya gari, kwenye kisahani.

Mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi saa tatu asubuhi, Mwalimu na mumewe walikuja, mume amevaa kofia mpya ya safari. Mlango ulipofunguliwa wote wakarudi nyuma kwa harufu. Mapazia yalikuwa nyuzinyuzi, shayiri imetapakaa sinkini. Ufunguo ukazungushwa, gari halikukohoa hata mara moja. Akaitwa fundi umeme, akafungua kidirisha cha nyaya, akavuta kiota kikubwa kama sahani, kimesukwa kwa pazia, nyuzi za buluu na makombo ya njano. Chini yake panya wawili wamekauka.

"Nyaya zimekwisha," fundi akasema. "Hii si kazi ya siku moja wala mbili."

Mwalimu alikaa kwenye ngazi ya gari. "Mjukuu wetu wa kwanza kazaliwa Jumapili," akasema. "Tulikuwa tunakwenda kumwona na hili." Mumewe akavua kofia. Mama Boneti alitamani ardhi ipasuke, kwa aibu na kwa hasira, na hakujua kipi kilizidi.

Walipoondoka, Meneja alimwita ofisini, akamsogezea fomu. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu anayempaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mama, bima inataka jina la aliyezembea. Ni karatasi tu. Nakupa onyo dogo, kazi unaendelea nayo. Saini hapa."

Mama Boneti akavaa miwani. Yeye si msomaji wa haraka, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole chini ya mstari. "'Mhudumu... wa banda... alipuuza... kukagua gari... na kuziba matundu... ipasavyo.'" Akainua macho. "Mhudumu ni nani hapo?"

"Si wewe, Mama?"

"Nilipuuza mimi?"

"Mwalimu anarudi kesho saa nne kuchukua nakala. Ukisaini, yamekwisha. Usiposaini, mimi na wewe hatuna kazi tena pamoja."

Jioni nyumbani mdogo wake alimsikiliza huku akimenya vitunguu, kisha akaweka kisu chini.

"Dada, saini. Karatasi haiumi."

"Hii inauma."

"Wajukuu watakula hiyo jeuri yako?"

"Watakula nitakachowapa. Lakini siku wakiniuliza kwa nini watu wananiita mzembe, niwajibu nini? Miaka kumi na tisa, halafu niangushiwe jumba bovu na mtoto aliyepuliza povu ukutani? Ng'o!"

"Basi usilie tu ukirudi kesho huna kazi."

"Nitalia," akasema Mama Boneti. "Kulia si kosa. Nitalia na sitasaini."

Mdogo wake akamtazama, akacheka bila kutaka, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Asubuhi alifika saa kumi na mbili unusu. Ufunguo wa ofisi alikuwa nao, miaka yote hakuna aliyewahi kumnyang'anya. Akatoa funguo zote kabatini, akazitia kwenye ndoo, akaanza mstari wa kwanza, kila boneti na kamba yake ya kufungulia chini ya usukani. Turubai chini. Mlango. Vuta kamba. Boneti juu. Turubai chini. Mlango. Vuta kamba. Kwenye gari la kumi na mbili akakuta panya mzima akimtazama kutoka juu ya betri. "Wewe naye, hama!" akamkemea, na panya akahama. Mikono ilimuuma, jasho likamtiririka mgongoni, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu Mzee aondoke. Saa nne kasorobo Meneja alipoingia, banda zima lilikuwa wazi, na maturubai yamerundikwa mlangoni.

"Mama, umechanganyikiwa?"

"Hata kidogo. Nimechelewa tu, miezi mitatu."

"Fomu umesaini?"

"Sijasaini na sisaini."

"Basi umefukuzwa kazi!" Sasa ule ulaini wote ulikuwa umeyeyuka. "Toka!"

"Nimekusikia. Niandikie barua."

"Barua ya nini?"

"Kazi hii nilipewa kwa barua, na Mzee. Nitaondoka kwa barua. Yenye jina, tarehe na sababu." Akaenda ofisini, akavuta kiti, akakaa. Meneja akamfuata huku anahema, akaketi upande wa pili wa meza, akavuta karatasi na kalamu. Wakati huo huo Mwalimu akabisha hodi, maana saa nne ilikuwa imefika, na mtu aliyefundisha miaka thelathini hachelewi.

"Karibu, Mwalimu," akasema Mama Boneti kabla Meneja hajafungua mdomo. "Kaa hapa. Kabla hujapewa karatasi yoyote, nina neno kwako. Gari lako sikulikagua. Nilikatazwa, nami nikakubali. Niliona nyayo, nikasema ofisini mara tatu, lakini wewe sikukupigia simu. Hapo nimekukosea, naomba unisamehe. Mengine yote si yangu, na siyabebi."

"Asante," akasema Mwalimu. Kisha akamgeukia Meneja. "Wewe unaandika nini?"

"Barua ya kumwachisha kazi," Meneja akajibu, na sauti ilikuwa ya mwanafunzi.

"Endelea. Tutasubiri."

Meneja akaandika tarehe. Akaandika jina. Akafika kwenye sababu, kalamu ikasimama. Akaandika neno, akalikata. Akaandika jingine, akalikata nalo. Nje fundi umeme alikuwa akigonga kitu kwenye gari jeupe. Wanawake wawili wazima wamekaa mbele yake, mikono mapajani, hakuna anayemsaidia.

"Niandike sababu gani?" mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini.

"Andika ukweli, mwanangu," akasema Mama Boneti. "Ukiuandika ukweli mimi nasaini sasa hivi, nachukua ufagio wangu naondoka."

Masikio ya Meneja yaliwaka. Akaitazama barua, akaikunja mara mbili, akaiacha pembeni. Akavuta fomu ya bima, akapitisha mstari juu ya maneno "mhudumu wa banda". Akaandika juu yake, kwa herufi zinazosomeka, "meneja". Akatia saini yake. Halafu akaisukuma karatasi mezani, bila kuinua macho.

"Hapa panatakiwa shahidi," akasema.

Mama Boneti akavaa miwani. Akaisoma yote tangu juu, neno kwa neno, kidole chini ya mstari, wala hakuharakishwa na mtu. Alipomaliza, akachukua kalamu, akaandika jina lake alilopewa na wazazi wake, lote, likajaa nafasi ya shahidi na kumwagika nje ya mstari.