Sosi ya Saladi Kwenye Mnada wa Mavuno

Watu wanaonunua sosi ya saladi ya chupa kutoka supamaketi nawadharau, na sioni haya kusema hivyo. Nimeisoma ile karatasi ya nyuma yenye maandishi madogo ya kuficha aibu. Maji, sukari, wanga, halafu majina marefu ambayo ningetarajia kuyakuta kwenye mkebe wa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mbele wamechora jagi la maziwa. Maziwa yenyewe hayamo. Mtu analipa pesa ya nyama, anafika nyumbani, anaimwagia letasi uji mtamu, kisha anawaambia wageni kwamba siku hizi anakula chakula cha afya.

Wanaofundisha kwenye simu nao siwataki. Kuna dada mmoja mwenye kucha ndefu anayeanza kila kitu kwa kusema ni rahisi sana, kisha anatoa blenda, krimu ya kopo na jibini ambayo ukiiulizia kwenye maduka ya Makutano utaletewa siagi. Mwingine anaponda parachichi na kuita hiyo ndiyo sosi. Parachichi ni tunda zuri, na kwa wazazi wangu huanguka mpaka tunawapa nguruwe, lakini sosi yake hugeuka rangi ya matope kabla wageni hawajanawa mikono.

Yangu inatoka kwa ng'ombe. Nilifundishwa na shangazi yangu aliyekuwa mpishi katika hoteli moja mjini Embu, mwanamke wa maneno machache na mwiko mrefu. Unachemsha maziwa, unayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, unatia kijiko cha mala, maziwa yaliyoganda ya jana, unafunika na kuyasahau. Kesho yake yakishaganda unayamimina kwenye kitambaa safi cha pamba, unafunga ncha zake na kukining'iniza juu ya beseni. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu kazi iliyobaki ni kungoja, na watu wa siku hizi hawajui kungoja. Maji yanadondoka, mbwa anafurahi, na ndani ya kitambaa kinabaki kitu kizito, cheupe, kinachosimama kwenye kijiko. Unatwanga kitunguu saumu pamoja na chumvi mpaka kilainike kabisa. Unakamua limau. Unapiga kwa uma huku mafuta ya alizeti yakiingia kidogo kidogo, kama mtu anayetoa sadaka shingo upande. Mwisho unatia dania iliyokatwa ndogo ndogo, pilipili manga na tone la asali. Ukiionja na usinyamaze kidogo, kuna mahali umekosea.

Huo ndio ujuzi niliokuja nao Ruiri, huku Meru, nilipoolewa. Mwenye kuuhitaji hakuwepo. Mume wangu hula chochote kilicho moto, na hawezi kutofautisha limau na siki hata ukimfunga kitambaa machoni au ukimfungua.

Mama yake aliishi upande wa pili wa shamba, umbali wa kuita mtu akaitika, na tangu niolewe hakuwa ametia kitu changu kinywani. Kuja alikuja, hilo simnyimi. Kila wiki alikuja, akaketi kwenye ncha ya kochi kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, akamuuliza mwanawe habari za ng'ombe ambao alikuwa amewapita hapo nje akawaona kwa macho yake. Nikileta chai, alishukuru na kuiacha. Nikileta chapati, alizisifu jinsi zilivyo mviringo. Chai ilishika utando akiongea, kisha akaaga. Katika milima hii kukataa chakula cha mtu si jambo la tumbo. Ni kumwambia kwamba bado hujajua anafanya nini hapo nyumbani. Mimi nilijua, yeye alijua, na majirani walijua kuliko sisi sote.

Sababu hakuitaja hata siku moja. Mume wangu alisema mama ana tumbo jepesi. Tumbo jepesi, na nilimwona kwenye mazishi akimaliza sahani ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyolala, bila hata kupumzika. Ukweli ni kwamba alitaka binti wa Meru, ikiwezekana wa kanisa lake, anayeongea Kimeru bila kukiuma, na mwanawe akamletea karani wa ofisi kutoka Embu. Niliumia. Nalisema wazi kwa sababu watu hudhani mwenye dharau haumii. Nilikuwa nikiimwaga ile chai nyuma ya nyumba machozi yakinitoka, kisha nikikiosha kikombe kwa hasira, mpaka siku moja nikang'oa mshikio wake.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kwenye kanisa letu kila boma hupeleka kitu cha shambani au cha mikono, kinawekwa mbele, kinaombewa, na baada ya ibada kinapigwa mnada uani. Mume wangu alisema tupeleke viazi. Nikamwambia viazi watapeleka wote, na Mungu ameshaviona. Nilitaka kanisa zima lione kazi yangu, hasa yule mama mmoja anayeketi safu ya mbele kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa akina mama. Kama angeona watu wazima waking'ang'ania kitu nilichotengeneza, labda angejiuliza anachokataa ni nini. Jumamosi nikashuka soko la Gakoromone, nikabishana na muuza malimau aliyekuwa akiuza mawe ya kijani, nikapata dania isiyonyauka. Sosi ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nikaijaza kwenye chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana, nikaifunga utepe shingoni, na kanisani nikaisimamisha ndani ya ndoo ya maji baridi mpaka mahubiri yakaisha. Yalichukua muda wake.

Mnadi alikuwa shemasi mmoja mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, na ndiye aliyepewa kipaza sauti. Jogoo mwenye jicho bovu akaenda. Mkungu wa ndizi ukaenda. Mayai, maboga, viazi vya kila mtu, vyote vilipata wenyewe vikafungwa kwenye pikipiki. Kisha shemasi akaiinua chupa yangu, akaitazama dhidi ya jua.

"Washirika, hii ni nini? Ni rangi ya nyumba?"

Watu wakacheka. Nikasimama nikasema ni sosi ya kuweka kwa saladi.

"Saladi ni ile majani mbichi?" akauliza. "Si hiyo ndio tunapeanga ng'ombe?"

Wakacheka tena. Hawa ni watu wanaokata kabichi vipande vinene kama kuni, wakaimwagia nyanya na maji, wakaiita kachumbari. Na mimi ndiye niliyekuwa kichekesho.

Sasa, kuna desturi kwenye minada hii, kwamba mtu anaweza kununua kitu na papo hapo akakirudisha kiuzwe tena, iwe sadaka juu ya sadaka. Mwenye duka la mbolea alitaja bei, akapewa chupa, akaishika kwa vidole viwili. "Mimi nimenunua," akasema, "lakini narudishia Bwana." Makofi. Mwalimu mmoja mstaafu akainunua, akatangaza kwamba anambariki mchungaji nayo. Mchungaji akatabasamu jinsi wachungaji wanavyotabasamu, akasema hata yeye anairudisha kwa kazi ya Bwana. Makofi zaidi. Kijana wa kwaya akapaza sauti kutoka nyuma, "Hiyo chupa imeshika, pastor, iuzwe tena." Mnadi akaibatiza jina, chupa ya baraka. Ikauzwa. Mama mmoja mwenye kofia kubwa aliinunua na kuirudisha kabla hata hajaigusa.

Kila mtu alikuwa akinipongeza. Jirani yangu akanishika bega. "Umeona vile Mungu anatumia kitu yako?"

Niliona. Niliona Mungu akipewa chupa ile ile tena na tena, Yeye ambaye hana hata jani moja la letasi, wakati jogoo wa jicho bovu alinunuliwa mara moja tu akapelekwa nyumbani kuliwa. Kitu kinachotamaniwa hakirudishwi. Walikuwa radhi kulipa, tena kulipa vizuri, ili tu wasiende nacho kwao. Na kwa nini wasifanye hivyo? Mwenyekiti wao hali kwangu, wao ni nani wale? Waliuvika woga wao nguo ya ibada na kuupigia makofi. Mume wangu naye alipiga. Hilo nililiweka moyoni.

Nilikuwa nimeshachukua mkoba wangu niondoke nilipomwona mama mkwe akinyanyuka safu ya mbele. Hakutaja bei. Alifungua fundo la leso yake, akatembea moja kwa moja mpaka mezani, akaweka alichokuwa nacho.

"Na mama mwenyekiti naye anarudishia Bwana," mnadi akatangaza.

"Shemasi, mimi sijasema narudisha." Akaichukua chupa mkononi mwake. "Hii imetoka kwa boma yangu. Mmeipiga huku na huku kama mpira ya watoto. Sasa imetosha."

Aliufungua utepe kwa meno, akakizungusha kifuniko. Kisha akatoa mkobani kiazi kitamu kilichochemshwa, kwa sababu wazee wa kanisa letu hawajawahi kuamini kwamba ibada itaisha kwa wakati, na hubeba chochote cha kuwashikilia. Akakimenya taratibu, maganda akayakunja kwenye karatasi. Akakichovya ndani ya sosi. Akala. Alisimama pale pale katikati ya mnada akatafuna bila haraka, akimtazama mwenye duka la mbolea, kisha mwalimu, kisha mchungaji mwenyewe, ambaye alianza kuikagua saa yake. Akachovya tena. Mimi nilibaki nimesimama, mkoba ukining'inia mkononi. Katika miaka yote ile ya chai kumwagwa sikuwahi kumwona akimeza kitu nilichokitengeneza, na sikujua kwamba ningetaka kulia mbele ya watu wote wale.

"Imekosa chumvi," akasema.

Haikukosa chumvi. Nitazikwa nikisema haikukosa chumvi. Mwanamke huyo amekitia chakula chumvi maisha yake yote mpaka ulimi wake hausikii tena kitu, na siku nyingine yoyote ningemwambia hivyo, kwa Kiswahili na kwa Kiembu.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Mnadi akakohoa, akarudi kwenye sukuma wiki. Mama mkwe alikifunga kifuniko kwa nguvu, akaitia chupa kwapani, akanijia. Usoni hakunitazama. Alikuwa akiangalia vumbi kwenye viatu vyake, au vyangu.

"Kwa nyumba imebaki?"

"Imebaki."

"Na hayo majani yake?"

"Yako, mama. Na kuku yuko."

Akatangulia. Mume wangu alitaka kutufuata, nikamwonyesha kwa kidole kwamba abaki na wenzake aendelee kupiga makofi. Tulitembea, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka penye mti wa mgumo ambapo njia hugawanyika, ya kulia ikielekea kwake na ya kushoto kwangu. Hakupunguza mwendo. Alikata kushoto, na ikabidi mimi nikimbie kidogo, nikipekua mkoba, nimuwahi kufungua mlango.