Daktari wa Subaru

Watu wa Endebess walizoea kumsikia Jepkorir kabla ya kumwona. Gari lake lilikuwa na mlio mzito wa kugugumia, kama mtu anayeongea huku ana ugali mdomoni, na mlio huo ulipanda mteremko mbele yake. Wakiusikia walisema, "Daktari wa Subaru huyo," na mtu akaenda kumfunga ng'ombe.

Hakuwa daktari wa chuo kikuu. Alikuwa amesomea kupandisha ng'ombe kwa mbegu zinazohifadhiwa ndani ya mtungi wa baridi kali, na kazi hiyo aliianza kwa baiskeli, mtungi umefungwa nyuma kwa mpira. Siku zile mzee wa boma alimtazama, akautazama mtungi, kisha akauliza daktari mwenyewe anakuja saa ngapi. Jepkorir alivaa glavu yake ndefu, akaanza kazi. Ndama walipoanza kuzaliwa, maswali yakaisha.

Gari alilinunua kwa meneja mmoja wa shamba la mahindi aliyekuwa akistaafu na kurudi kwao. Lilikuwa Subaru Leone la zamani, lile lenye mgongo mrefu wa kubebea mizigo, rangi yake kama chai ya maziwa iliyopoa. Kaka zake walimcheka. Mtu mwenye akili, walisema, ananunua Toyota, gari ambalo spea zake zinapatikana kila kona. Mumewe, Kipruto, hakucheka, ila alilizunguka gari mara kadhaa kisha akaingia nyumbani.

Wote hawakujua alichokiona Jepkorir. Kando ya gia palikuwa na kijiti kingine kifupi. Ukikivuta, magurudumu yote manne yanashika kazi, na gari linapanda tope kama mbuzi. Mvua za Aprili zilipofika, malori yalikwama kwenye barabara ya Suam, madereva wakakaa kando wakitafuna miwa, na Jepkorir akawapita polepole na mtungi wake. Mafundi walinung'unika kwamba injini imelala chali, plagi zimejificha mbavuni na lazima uchubue vidole kuzifikia. Oili nayo liliinywa kama mgeni asiye na haya. Lakini lilifika, na katika kazi ile kufika ndiyo kazi. Ng'ombe akishapata joto la kutaka dume, hasubiri. Ukichelewa nusu siku umepoteza, na mwenye ng'ombe atangoja wiki tatu nyingine huku akikulaumu.

Kulikuwa na jambo lingine pia. Mkufunzi mmoja Mjapani, aliyekuja Kitale kufundisha wafugaji habari za maziwa, aliwahi kuliona gari lile uwanjani akalishika nembo kama mtu aliyekutana na ndugu. Alimweleza kwamba kampuni hiyo ilizaliwa baada ya vita, kampuni tano zikaungana kuwa moja, na kabla ya hapo waanzilishi wake walikuwa wakiunda ndege. Ndiyo maana nembo ina nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Subaru, alisema, ni jina la nyota hizo kwa Kijapani. Akachora kwa kidole juu ya vumbi la boneti jinsi zinavyokaa pamoja angani. Jepkorir akazitambua. Zilikuwa Kilimia, nyota ambazo bibi yake alizitazama kabla ya kupanda wimbi. Tangu siku hiyo alilipenda gari kwa namna ambayo hakuweza kumweleza Kipruto, kwa hiyo hakujaribu.

Miaka ikapita vizuri, mpaka kabureta ilipoharibika. Ilikuwa imechoka kwa umri, na fundi mmoja wa mjini, akiwa na haraka zake, aliikaza skurubu kupita kiasi ikapasuka. Gari likaanza kukohoa. Likawa linameza petroli na kutoa moshi mweusi, na kwenye kilima lilizimika kabisa. Jepkorir akalipeleka kwa Kemboi, fundi aliyemwamini, mtu wa maneno machache mwenye karakana nyuma ya soko la Kitale.

Kemboi aliifungua, akaipuliza, akaiinua kwenye mwanga.

"Daktari, hii haishoneki," alisema. "Na sijui utatoa wapi ingine. Hizi Leone ziliisha."

"Nairobi je?"

"Nimepiga simu. Wananiuliza kama nataka ya makumbusho."

Akaizibaziba kwa gundi ya chuma, akamwambia aendeshe pole. Kwa miezi kadhaa maisha ya Jepkorir yakawa ni kusukuma gari. Aliagiza kabureta kwa muuzaji wa mtandaoni. Ikaja ndani ya boksi zuri lenye maandishi, na Kemboi alipoijaribu, matundu yake hayakulingana na injini. Muuzaji hakushika simu tena. Wafugaji nao walianza kumpigia mara mbili mbili. "Daktari, umefika wapi?" Naye, amesimama kando ya barabara, mikono myeusi, alisema yuko karibu.

"Mama Linah, uza hiyo kitu," Kipruto alimwambia jioni moja, akimwita kwa jina la binti yao. "Vyuma vinauzwa kwa kilo."

"Nikiuza nitapanda Suam na nini? Na maneno yako?"

Kipruto akachukua kikombe chake akatoka nje.

Kisha Kemboi akasikia kwa dereva mmoja kwamba Kanduyi, pale Bungoma, kuna Leone kama ile, ya mwaka uleule, imekaa nyuma ya nyumba ya mjane tangu mumewe afariki. Jepkorir hakungoja. Aliondoka asubuhi na gari lake lenye kikohozi, akapitia Kiminini na Kamukuywa, akapumzisha injini Webuye, na kufika Kanduyi mchana. Hakuhitaji kuuliza nyumba mara ya pili. Mama mmoja mnene, wa miaka sabini hivi, alikuwa tayari amesimama langoni, leso imeshikwa kifuani.

"Nilisikia gari," alisema. "Nikafikiri naota."

Huyo ndiye mjane mwenyewe, Mama Nabwile. Alimkaribisha, akamwandalia chai na ndizi, na kwa muda mrefu hakutaka kusikia shida ya mgeni. Alitaka kusema habari za mumewe. Mzee Wekoye alikuwa afisa wa kilimo. Mashindano ya magari ya Safari Rally yalipokuwa yakifika mpaka huku magharibi, aliomba ruhusa kazini akalala kichakani ili azione Subaru zikipita.

"Kila mgeni hapa aliambiwa habari ya ndege kabla ya kupewa chai," alisema. "Ati hawa watu walikuwa wanatengeneza ndege. Mimi nikamwambia, Wekoye, basi ipae ikatuletee maji."

Jepkorir alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Lakini alipoeleza kilichomleta, uso wa mama ukafunga.

"Hapana, mwanangu. Hiyo gari iko mzima. Kijana wangu Derrick alisema akimaliza kujenga ataiwasha. Ukitoa moyo wake, itawaka na nini?"

Alimwonyesha. Leone ilikuwa juu ya mawe, imefunikwa turubai, imepanguswa vioo. Mama alifungua boneti mwenyewe, kwa fahari. Ndani, gurudumu la akiba lilikuwa limelala juu ya injini, mahali pake pa kawaida katika magari hayo, jeusi na safi. "Unaona? Hata hilo halijaguswa," akasema, akafunga.

Jepkorir alirudi Kitale akiwa amekasirika na hajui amkasirikie nani. Huwezi kumkasirikia mjane kwa kupenda cha mumewe. Naye mwenyewe alikuwa akifanya nini kama si hivyo? Hata hivyo, kila kilima kilipozima gari, alimwona mama yule akifunga boneti.

Mambo yakawa mabaya zaidi Suam. Mfugaji aliyemtegemea tangu mwanzo alikuwa na ng'ombe wa maziwa mengi, ambaye mara mbili mbegu haikushika. Mara ya tatu alimpigia alfajiri. Jepkorir akatoka bila chai, na gari likafia katikati ya mlima, kwenye tope ambalo zamani lilikuwa mchezo. Alipata pikipiki mchana, akafika mtungi mgongoni. Mfugaji hakumkaripia. Alisema tu, "Joto liliisha, Daktari. Umechoka, kunywa maziwa." Alikunywa yale maziwa akitamani angetukanwa.

Akampigia Mama Nabwile, akamwambia kwamba hataki gari, anataka kitu kimoja tu, na kwamba Derrick akija kuiwasha, yeye atamrudishia. Alijua hilo lilikuwa gumu kutimizwa.

"Nimemwambia Derrick habari zako," mama akasema. "Ananiambia nisifungue mpaka yeye aje. Namuuliza utakuja lini, anasema Krismasi. Nauliza Krismasi gani, anakata. Njoo na fundi wako. Hii gari ni ya bwana yangu, si ya Derrick."

Walikwenda na pikapu ya Kemboi. Mama alikuwa ameitoa turubai. Alisimama kando, mikono imekunjwa kifuani, kama mtu anayepelekewa mgonjwa chumba cha upasuaji. Kemboi alifungua boneti, akalegeza lile gurudumu, akaliinua na kuliweka chini. Kisha akabaki ameinama bila kugusa kitu.

"Nini?" Jepkorir akauliza.

Kemboi akasogea ili waone wenyewe. Chini ya gurudumu hapakuwa na kabureta. Hapakuwa na distributa, wala altaneta, wala pampu ya maji. Nyaya zilikuwa zimekatwa na kuning'inia. Mtu alitoa vitu vyote vilivyoweza kutoka, kisha akarudisha gurudumu juu kwa uangalifu, akalifunga.

Mama Nabwile aliangalia kwa muda. Kisha akaleta simu, akapiga, akaiweka sauti ya juu bila kuficha.

"Derrick. Nimetoa tairi."

Jepkorir alitamani asiwepo.

"Mama, nilikuwa nakwambia ungoje," Derrick akasema. "Hali ilikuwa ngumu. Hiyo gari ilikuwa inaoza tu, si ungeona."

"Uliuza lini?"

"Kidogo kidogo. Nikija likizo."

"Na mimi nilikuwa napanguza vioo."

Alikata simu, akaketi kwenye lile gurudumu la akiba lililokuwa chini, na Jepkorir akaketi kando yake juu ya jiwe. Alikuwa amesafiri na hasira yake yote ya miezi ile, akiwa na maneno tayari ya kubembeleza, na sasa hakujua aiweke wapi. Laiti asingeng'ang'ania, mama yule angekuwa bado na gari zima. Alianza kuomba radhi.

"Usiniombe radhi wewe," mama akasema. "Wewe uliomba. Yeye hakuomba." Baada ya kitambo akaongeza, kwa sauti iliyochoka, "Angalieni kama kuna kitu kinakufaa. Sitaki kuipanguza tena."

Kemboi akachukua kioo cha nyuma na taa moja ya mbele, kwa kuwa vilikuwa vizima, ingawa Jepkorir hakuvihitaji sana. Kukataa kungekuwa vibaya zaidi. Mama aliwapikia kuku, wakala wakizungumza habari za mvua.

Mwishowe Kemboi alifunga kabureta ya gari la aina nyingine, kwa kipande cha bati alichokichonga mwenyewe. Gari likawaka. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri kiasi, Kitale mpaka Kiminini bila shida, lakini nguvu ya mlima haikurudi. Hata mlio ulibadilika. Ukawa mwembamba, wa kulalamika. Vijana wa mjini wenye Subaru mpya zenye ekzosi za kelele walimpita wakimpungia mkono, na Jepkorir hakujua kama ni heshima au utani.

Alipunguza kazi. Wafugaji wa tambarare walibaki naye. Mama Nabwile humpigia Jumapili baada ya kanisa, wakazungumza habari za kuku na miguu inayouma, Derrick hatajwi.

Juzi yule mfugaji wa Suam alipiga tena. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo.

"Daktari, amepata joto. Unaweza kupanda?"

Jepkorir alikuwa uani, ufunguo mkononi. Aliitazama ile njia ya mlima akilini mwake, kona kwa kona. Kisha akamsomea mfugaji namba ya Jentrix, binti aliyemaliza mafunzo mwaka jana na anayetumia pikipiki.

"Ni mzuri?" mfugaji akauliza.

"Mzuri. Mpigie sasa, usichelewe."

Akakata simu, akaingia nyumbani. Kipruto, aliyekuwa mlangoni na aliyesikia yote, akampisha apite.