Mlango Uliomzoea Rubani

Katika kituo kile cha majaribio ya ndege walimwita Hariri, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na mafundi wa banda la ndege, kwa sababu ndege aliyoitua yeye iligusa ardhi kama shuka linaloangukia kitanda, na aliyepanda na kikombe cha chai alishuka nacho bila kumwaga tone. Alikuwa anakaribia miaka hamsini, mfupi, kichwa kimeanza kung'aa, na mikono midogo ambayo mgeni asingedhani ina kazi ya maana hapa duniani.

Kabla ya kuja kituoni alikuwa rubani wa kunyunyizia dawa mashambani, akipita chini ya nyaya za umeme na juu ya migongo ya ng'ombe, katika ndege kuukuu ambazo kila moja ilikuwa na kichaa chake. Moja ilivutia kushoto kama punda aliyenusa nyumbani. Nyingine ilizama kila ilipogeuka. Alizijua zote na kuzibembeleza zote. Huko ndiko mikono yake ilikosomea, na huko huko ndiko ilikojifunza kosa lake. Sifa ya mtu na kosa lake mara nyingi hulala kitanda kimoja.

Kazi ya rubani wa majaribio si kuonyesha kwamba yeye ni hodari. Kazi yake ni kusema ukweli juu ya ndege. Kituoni palikuwa na utaratibu wao: rubani akishatua, kabla hajafungua mkanda, kabla hajaambiwa hata pole, hutamka alama kwenye redio. Moja ni ndege isiyomsumbua mtu, kumi ni ndege ya kukimbiwa. Alama ikishatamkwa haifutwi kwa maneno. Anayetaka kuibadili sharti apande aruke tena. Sheria nzuri, na laiti ingewahusu pia wanaotoa ahadi kwenye harusi.

Mwaka ule ililetwa ndege mpya ya kufundishia. Chuo cha urubani kiliingoja kwa hamu, na kati ya wanafunzi waliokubaliwa kuanza nayo alikuwamo binti wa mwisho wa Hariri. Aliyeijaribu kwanza ni rubani kijana, msaidizi wa Hariri, naye alitamka sita. Alisema kwamba karibu na ardhi pua inaitikia juu chini, juu chini, kama mtu anayekubali kila anachoambiwa, na ukijaribu kuituliza unaizidishia. Hariri akapanda, akazunguka, akatua kihariri. Akatamka mbili.

Bandani walicheka siku nzima. Hariri alimtania kijana kwamba mcheza ngoma mbaya husingizia uwanja. Kijana naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

Asiyecheka alikuwa mhandisi, mama mrefu waliyemwita Mama Mawimbi, kwa kuwa kutwa alisoma mistari inayochorwa na vyombo vya ndege. Alimwita Hariri ofisini, akamwonyesha mstari wa usukani. Juu angani ulinyooka. Karibu na ardhi ulitetemeka kama sindano ya cherehani.

"Huo ni mkono wako," alisema. "Hapo unafanya nini?"

"Sifanyi kitu. Natua."

"Hariri, mkono usiofanya kitu hauchori hivi."

"Mkono wa mtu hai hutikisika. Siku ukitulia kabisa, mama, uniandalie jeneza."

Mama Mawimbi alimweleza kwamba Jumatatu kuna kikao na mkuu wa chuo, na kwa kuwa yeye Hariri ndiye mkubwa wa marubani, neno lake ndilo litakalopita. Akishikilia mbili, ndege itakwenda kwa wanafunzi kama ilivyo. Hariri akasema anashikilia mbili.

Wala hakuwa anadanganya, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Mwongo anajua alipouficha ukweli, ukimbana atautoa. Mtu mkweli aliyekosea hana mahali pa kubanwa.

Jumamosi mama mkwe wake alikuja kukaa nao siku chache. Alipewa chumba cha wageni, chenye mlango ambao mke wa Hariri alikuwa ameulalamikia tangu wahamie. Kila alipolalamika, Hariri aliinuka, akaenda, akaufungua, ukafunguka kama ukurasa wa kitabu. Akauliza ubaya uko wapi, akarudi kitini. Mwishowe mkewe aliacha kusema. Alimweleza jirani kwamba amebahatika kuolewa na bwana ambaye vitu vyake haviharibiki, ila watu wake ndio wabovu.

Kesho yake asubuhi mkewe alikwenda sokoni, binti yuko jikoni, Hariri anaosha gari. Akasikia kitasa kikihangaishwa, kikinyamaza, kikihangaishwa tena. Kisha sauti ya mama mkwe, tulivu na ya heshima, kama mtu anayebisha hodi ili atoke.

"Mwanangu, hivi humu mmenifunga, au nimejifunga?"

Alikimbia mikono ikichuruzika povu, akaufungua mara moja. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya chumba, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, mkoba mkononi, tayari kwa chai tangu muda ambao hakutaka kuutaja. Hariri akaomba radhi, kisha akashindwa kujizuia. Alisema mlango wenyewe hauna tatizo. Ili kuthibitisha akaingia, akaufunga, akaufungua. Ukafunguka.

Mama akauangalia mlango, akamwangalia mkwe. Maisha yake yote alikuwa amefundisha darasa la kwanza, na hakuwa mtu wa kupokea jibu bila kuona njia.

"Rudia," alisema. "Polepole. Na kila unachofanya, kitaje."

"Nashika kitasa," Hariri alisema. "Nakizungusha." Akainama kukitazama.

"Endelea, baba."

"Nakiinua juu kidogo. Halafu... goti. Nasukuma hapa chini kwa goti. Kisha nakirudisha nusu." Alitazama bega lake, akalikuta limeegemea ubao bila yeye kuliagiza.

"Na yote hayo ulikuwa huyajui?"

"Nilikuwa siyajui, mama."

"Basi mwanangu, mlango unaofunguka kwa mwenye nyumba peke yake si mlango. Hiyo ni siri."

Binti alikuwa ametokea jikoni, mwiko mkononi. Akasema yeye mbona akilala chumba kile hutokea dirishani, tena siku nyingi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Baba yake hakucheka. Alimwona binti huyu huyu ndani ya ndege mpya, ardhi inapanda, pua inaitikia juu chini, na ndege haina dirisha la kutokea. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kitasa. Aliutazama kama mtu anavyomtazama karani wake wa miaka mingi baada ya kugundua kwamba alikuwa akimficha habari mbaya, na kumficha kwa mapenzi.

Jumatatu alimwomba Mama Mawimbi asogeze kikao mpaka mchana. Akamwomba na rubani kijana akae kiti cha pili, ashughulike na nguvu ya injini, awe tayari kumwokoa. Yeye Hariri angeshika usukani kwa mkono wa kushoto, ule ambao haukusoma popote, ambao hata kijiko ulikuwa ukikosea nacho mdomo.

"Ukiniona nimeanza ufundi," alimwambia kijana, "nipige kofi."

"Kofi, mzee?"

"La heshima."

Mafundi walitoka bandani kutazama. Mara ya kwanza ndege ilipokaribia ardhi, pua iliinuka. Hariri akaikandamiza, ikazama. Akaiinua, ikapanda kupita kiasi, na kijana akaongeza nguvu ya injini wakaondoka bila kugusa. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo, na mbaya zaidi. Mara ya tatu iligusa, ikaruka kama chura, ikagusa tena, ikakaa chini kwa kishindo. Fundi mmoja alisema leo hariri imegeuka gunia, na wenzake wakaipokea kauli hiyo kama mshahara.

Injini ilizimwa. Jasho lilikuwa linamtoka Hariri hadi kwenye nyusi. Mkanda ulikuwa bado umefungwa alipobonyeza redio.

"Saba," alisema. Akavuta pumzi. "Ile mbili ilikuwa alama yangu mimi. Haikuwa ya ndege."

Kisha akamgeukia kijana, akamwambia kwamba uwanja ulikuwa mbovu kweli, na mcheza ngoma amsamehe. Kuna watu wangelisema neno hilo chumbani, mlango umefungwa. Yeye redio alikuwa hajaizima, na kituo kizima kilisikia. Kosa lililotangazwa hadharani halisahihishwi kwa kunong'ona.

Kikaoni mkuu wa chuo alikasirika, maana wanafunzi walikuwa wameshaandaliwa. Hariri alimjibu kwamba wanafunzi hao mikono yao yote miwili ni ya kushoto. Mafundi wakafunga springi ngumu zaidi kwenye usukani, ili usiwe mwepesi mno karibu na ardhi, wakaijaribu tena na tena mpaka rubani kijana na mkono wa kushoto wa Hariri wakakubaliana kwa tatu. Wanafunzi walichelewa kuanza, na binti alimnunia baba yake kwa kuchelewa huko, akanuna vizuri tu, mzima wa afya.

Mazoea yana taabu, walisema waliotutangulia. Aliyezoea kosa huliita njia, na akiwa hodari huwaongoza wengine humo.

Jina la Hariri lilikufa wiki ile ile. Sasa mafundi wanamwita Gunia, naye anaitika. Na mlango wa wageni aliung'oa mwenyewe, akaupiga randa chini, akabadilisha bawaba.

Mama mkwe alipokuja tena, familia nzima ilipanga mstari ukumbini. Alikuwa ameshasimuliwa na mjukuu wake habari za alama. Aliingia chumbani, akafunga, akatoka kwa kuvuta kitasa kwa kidole kimoja. Akasimama kizingitini, asitake kuambiwa neno na mtu.

"Tatu," alisema. "Unalia."

Gunia akaenda kutafuta mafuta.