Viti vya Kilio

Shule ya watoto kama mwanangu ilimrudisha nyumbani alipotimiza miaka kumi na minane. Walisema sasa ni mtu mzima. Usonji wake haukuwa umepata habari hiyo. Tangu hapo alishinda uani kwetu, mtaa wa Katuba, akipanga sandali za wageni, na mimi nikishinda na swali moja: nikifa, nani atakuwa naye?

Basi jirani anayekodisha viti vya plastiki na maturubai alipokuja kusema anamtaka kazini, badala ya kufurahi, machale yakanicheza. Mimi ni mtu wa kushuku. Muuza makaa akinisalimu mara mbili, nalikagua gunia lake upya. Kijana asiyekutazama usoni, asiyeitika salamu, tajiri anamtakia nini?

"Anapangaka biti muzuri, mama," alisema. "Nitamulinda."

"Na bale bengine, habajue kupanga?"

Alicheka tu. Kucheka kwake nako sikukupenda.

Nilikubali shingo upande. Baada ya muda nikagundua jambo: kukiwa na harusi, mwanangu anaachwa nyumbani. Anapelekwa kwenye vilio tu, kwa watu waliofiwa. Mjini kwetu husemwa kwamba wapo wafanyabiashara ambao utajiri wao unalindwa kichawi na mtoto wa watu, na kwamba humchagua yule asiyeweza kusimulia. Mimi ni Mkatoliki, maneno hayo siyaamini, lakini usingizi ulinipaa. Kila aliporudi nilimkagua shingo, viganja na mifuko. Nilimuuliza wamemlisha nini.

"Bukari," alijibu, yaani ugali tu, akaenda kulala.

Siku moja nikajitanda kitenge kichwani, nikaufuata mkokoteni wao hadi kwenye kilio cha watu nisiowajua. Nikaketi mkekani na wanawake, kama mfiwa. Nilikuja kumfumania tajiri. Aliposogea karibu na mwanangu nilikaza macho. Alimpa maji, akaondoka.

Siku ya kulia kwa sauti ilikuwa imepita. Mwanangu alipanga viti chini ya turubai, mistari imenyooka, macho yake chini. Wanaume walipofika waliinamisha vichwa, naye akainamisha chake. Hakuna aliyemwambia acheke, wala aongee, wala amtazame mtu usoni. Harusini wangemvuta mikono wamchezeshe, na spika zingemfanya azibe masikio na kupiga mayowe. Hapa kila mtu alikuwa kimya kama yeye. Nikaelewa kwa nini harusini hapelekwi, na nikakasirika kwamba mtu baki alilijua hilo kabla yangu. Tajiri mwenyewe bado namshuku, na viatu vyake vya kung'aa.

Mama mmoja mzee, aliyeketi kando yangu, akamwonyesha mwanangu kwa kidevu.

"Ule kijana, bazazi bake balimufundisha. Unaona vile anaheshimia kilio?"

Miaka yote, kanisani, sokoni, kwenye basi, nimeambiwa kwamba mwanangu hana adabu na mimi sijui kulea. Sikuwahi kusikia neno kama la mama huyu. Nikalia waziwazi, kwa furaha na kwa hasira ya miaka yote ile, na yule mama akanishika mkono akiniambia pole.

"Ni wangu," nikamwambia. "Ule wa biti. Nilimuzala miye."