Kigodoro cha Bwanashamba

Usiniambie nilikuwa na homa, sikuwa nayo. Usiniambie ni njaa, maana siku ile nilikuwa nimekula viazi na maharage mpaka nikalegeza kanga. Ilikuwa saa nane mchana, na mikono yangu ilikuwa ndani ya maji, nafua kitanda cha paka. Watu wengi huona mambo gizani kisha wanabaki kubishana na nafsi zao wameona nini. Mimi niliona mchana, nina hakika, na kila nikilisimulia jambo hili damu inanichemka upya. Basi kaa chini usikilize.

Nimezaliwa Mtae, kule juu ambako gari hufika likiwa limechoka, nikaolewa kijiji kimoja juu ya Lushoto, njia ya kwenda Rangwi. Ilikuwa ile miaka ya ujamaa. Jumanne na Ijumaa wote tulikwenda shamba la kijiji, na sabuni ilifika duka la kijiji mara moja kwa mwezi, tena ukipanga foleni tangu alfajiri unapata kipande. Mume wangu, Elia, alikuwa na dada mmoja tu, wifi yangu Naomi, ambaye aliachika akarudi kwao. Tuliishi nyumba moja sote pamoja na mama yao, mama mkwe wangu. Mwenye paka alikuwa yeye.

Lilikuwa dume la kijivu, limenenepa. Mama alimwita Bwanashamba, kwa sababu alishinda akipita katikati ya matuta ya kabichi anakagua hili na lile, lakini jembe hashiki. Alimshonea kigodoro kwa mfuko wa unga, akakijaza matambara, akakiweka ndani ya kikapu cha mianzi kwenye pembe ya jiko. Mimi nilifua shuka za mama, nilifua kanga zake, hata kumkogesha nilimkogesha. Lakini kitanda cha paka hakukiachia mtu. Alikikung'uta mwenyewe na kukianika mwenyewe. Tukadhani ni mambo ya uzee.

Sasa, wanawake wengi wa rika la mama walijiwekea nguo ya kuzikiwa. Waliinunua wakiwa bado na nguvu, wasije wakaenda kaburini na nguo ya kuazima. Ya mama ilikuwa gauni jeupe lenye lesi shingoni, alilolinunua kwa fedha ya kuchuma chai. Kila Pasaka alilitoa sandukuni akatuonyesha. "Mkinizika na kitu kingine," alisema, "nitarudi kuwauliza." Nasi tulicheka.

Kiharusi kilimkuta jikoni. Kikamfunga ulimi na mkono wa kulia. Kwa siku tatu alilala anatukodolea macho, na mkono wa kushoto, ambao ndio aliokuwa akishonea na kulimia tangu utotoni, anaunyoosha kwenye ile pembe ya jiko. Tukamletea paka. Akamsukuma, akanyoosha tena. Tukamletea tena. "Mama na huyu paka wake," Naomi akasema, na machozi yakamtoka. Siku ya tatu mama akafa, na paka tumemlaza kifuani kwake.

Tukafungua sanduku. Gauni halikuwamo.

Ufunguo wa sanduku lile nilikuwa nao mimi, nimeufunga kwenye pindo la kanga tangu mama alipougua. Naomi aliuliza mbele ya waombolezaji, polepole kabisa, "Hivi ufunguo anao nani?" Neno "mwizi" halikutamkwa siku ile wala siku nyingine yoyote, na afadhali lingetamkwa, maana ningepata la kujibu. Jirani mmoja alitoa gauni lake la kijani. Lilikuwa limekosa kifungo kifuani, nikakata kifungo chekundu cha blauzi yangu nikakishona pale pale, mikono inatetemeka. Mama akazikwa nalo.

Miezi minane. Wewe umewahi kuishi miezi minane na watu wanaonyamaza ukiingia? Shambani wanawake walihamia tuta jingine. Kwenye foleni ya sabuni mmoja aliniuliza kama gauni jeupe lina bei nzuri sokoni Lushoto. Na Elia, baba wa mtoto wangu, alikuwa anakula ugali niliosonga mimi na kutazama ukuta. Hakunishtaki, hakunitetea. Hilo liliniuma kuliko yote. Mwishowe Naomi akaitisha kikao cha ukoo. Kikao kilikuwa Jumamosi, na shauri lilikuwa nirudishwe Mtae. Mwanangu wa miaka mitatu abaki, kwa kuwa ni mtoto wao.

Ijumaa, mkesha wa kikao, walipokuwa wanatoka kwenda shamba la kijiji, mimi wakiniacha nifunge virago vyangu, Naomi alisimama mlangoni akajikuna mguu. "Viroboto wamejaa jikoni," akasema. "Walau ufue kile kitanda cha paka kabla hujaondoka." Walau. Nilimtazama mpaka akaondoka yeye.

Nilikifua kwa hasira, siwezi kukudanganya. Nilikipeleka kikapu nje nikakikung'uta, nikasugua manyoya kwa gunzi la hindi, nikachemsha sufuria la maji nikalimimina lote juu ya kigodoro, viroboto wakaelea wengi kama ulezi. Sabuni sikuitumia, ningeambiwa nimeiba na sabuni. Nikachota majivu, nikamwacha mtoto kwa bibi wa jirani, nikashuka kwenye mfereji unaopita chini ya nyumba zetu. Bwanashamba akanifuata, akakaa juu ya ukuta wa mawe kukagua kazi.

Ulikuwa mwezi wa saba, unajua ukungu wa kwetu mwezi wa saba. Uliteremka mpaka nikawa naona jiwe la kufulia, paka na mikono yangu, basi. Nilikuwa nimekipiga kigodoro kwenye jiwe kwa muda mrefu, kimelowa kimekuwa kizito kama mtoto aliyelala, nilipoona miguu ya mwanamke upande wa pili wa mfereji. Miguu mitupu, imepauka.

"Shikamoo, mama," nikasema bila kuinua kichwa.

Hakuitikia.

Kwetu mtu mzima asipoitikia shikamoo yako amekuweka katika fungu baya sana. Nikasema moyoni, huyu naye ni wa kundi la Naomi. Nikapiga kigodoro kwa nguvu zaidi.

"Hakifuliwi hivyo," akasema. "Fumua kwanza."

"Nikifumua nitashona na nini?"

"Fumua, mwanangu. Nina baridi. Nipe kilichomo."

Akanyoosha mkono, na ulikuwa wa kushoto. Hapo ndipo nikainua macho. Uso ulikuwa umefunikwa na kanga mpaka puani. Lakini gauni lilikuwa la kijani, na kifuani, nisikilize vizuri, kifuani kulikuwa na kifungo chekundu kimeshonwa upande, kwa uzi mweusi, na mtu ambaye mikono ilikuwa inamtetemeka.

Niamini, niliogopa. Nilijikuta nimekaa ndani ya maji. Lakini hofu ile haikupata hata nafasi ya kutulia, hasira ikaja ikaiondoa, hasira ya miezi minane.

"Kwa hiyo ni wewe," nikasema. "Wewe ndiye uliyeliweka gauni humu."

"Naomi alikuwa ananimalizia nguo," akajibu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia kulalamika chumvi imezidi. "Anaazima harudishi. Lile nikalificha."

"Na hukusema?"

"Nilisema. Siku tatu nilisema. Mkaniletea paka."

Ungejibu nini wewe? Nilikuwa na kisu changu cha kumenyea viazi kiunoni, nikakitoa, nikaweka ncha kwenye uzi wa kwanza. Mama akavuka mfereji. Maji hayakulia. Akainama kungoja, mkono umefunguka, kama mtoto anayengoja apewe mkate.

Kisha akili ikanijia. Nikimpa, atalivaa aende zake, na kesho nitasimama kikaoni na hadithi mdomoni. Nikilitoa na kulipeleka nyumbani, Naomi atasema nimelifukua nilikolificha. Kwa vyovyote mtoto wangu anabaki na mimi napanda Mtae na kifurushi. Nikarudisha kisu.

"Mama," nikasema, "leo hutalivaa. Atafumua Naomi."

Akanishika hapa, kwenye kifundo cha mkono. Sijui nikuelezeje baridi ile. "Nina baridi, mwanangu," akasema tena, na safari hii alisema kama anayelia.

Nikamjibu neno ambalo sijawahi kumjibu mtu mzima maishani. Nilimwambia, "Hata mimi nina baridi. Miezi minane nina baridi, na wewe ulikuwa unajua." Nikauvuta mkono wangu, nikabeba kigodoro kinachuruzika, nikapanda. Sikukimbia. Nilipogeuka mara moja, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu isipokuwa ukuta wa mawe, na pale juu Bwanashamba alikuwa amesimama, amekunja mgongo, anajisugua kwenye kitu ambacho sikukiona.

Nilikaa kizingitini nimekipakata mpaka waliporudi shambani. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa anapita nao, mzee mtaratibu. Nikamwita kwa Kisambaa, kama anavyoitwa mwanamume wa kuheshimiwa. "Mghoshi, pita hapa kidogo. Nataka uwe shahidi." Nikachukua mkasi nikampa Naomi.

"Fumua hiki."

"Mimi? Nifumue kitanda cha paka?"

"Wewe. Mimi sitakigusa."

Elia akaanza kusema tuache mambo hayo mpaka kesho. Nikamwambia, wewe umenyamaza miezi minane, malizia na leo. Balozi akakiinamia kigodoro, akapitisha kidole kwenye mshono pande zote nne. Mishono ya mama ililala upande usio wa watu wengine, kwa ule mkono wake, na hakuna mtu kijijini ambaye hakuwa na kiraka chake nyumbani. "Huu ni mkono wa marehemu," akasema. "Pande zote. Hakuna palipofunguliwa. Kata, binti."

Naomi akakata. Akatoa matambara, moja moja, yanatiririka maji kizingitini. Katikati akakuta gauni jeupe, limekunjwa mara nne, lesi juu. Na lilikuwa kavu. Nilikuwa nimelimwagia sufuria zima la maji ya moto, nimelipiga kwenye jiwe, nimelilowesha mferejini, na lilikuwa kavu kabisa, na mikunjo yake imenyooka kama siku ya Pasaka. Balozi mwenyewe alilishika. Kama angekuwa hai ungemwuliza.

Naomi akaketi chini palepale, penye maji. "Alikuwa anatuonyesha," akasema. "Alikuwa anatuonyesha kikapu." Alirudia hivyo mara nyingi, na sikumnyamazisha.

"Ulijuaje?" Balozi akaniuliza.

"Niliambiwa."

Akaugusa mkono wangu kwenye kifundo, akaondoa wake upesi.

Jumamosi kikao hakikufanyika. Mzee wa kanisa alikuja, likachimbwa shimo dogo kichwani pa kaburi, tukalifukia gauni, tukaimba. Bwanashamba hakurudi nyumbani tangu siku ile ya mfereji. Elia aliniomba msamaha, nikampa, lakini ugali nilimsongea kimya miezi minane kamili, nikihesabu. Naomi hakuwahi kuniomba. Aliniletea mche mzima wa sabuni, akauweka mezani. Nilifulia mpaka ukaisha.

Watu wakisikia habari hii huuliza kama simwonei huruma mama, aliyeomba nguo yake na mimi nikamnyima, akalala usiku mmoja zaidi na baridi yake. Namwonea. Na bado namkasirikia. Yote mawili yamo humu na hayajawahi kuelewana. Lakini angalia, mtoto wangu nilimlea mwenyewe.

Sasa leta mkono wako, shika hapa kwenye kifundo. Umehisi? Hata nikiota moto kutwa. Mkono huu naweza kuutumbukiza kwenye maji yanayochemka na nisijue, nimeungua mara nyingi kwa sababu hiyo, makovu ndiyo haya.

Kwa hiyo nisikilize. Mtu wako akifungwa ulimi akakinyooshea kitu kidole, usimletee kile unachodhani wewe. Nenda ukatazame chini yake, ndani yake, nyuma yake. Ukifua kwenye ukungu ukampa mtu shikamoo asiitikie, kusanya nguo zako urudi nyumbani. Na wewe unayeficha vitu kwa kuwachukia walio hai, sema mapema, maana lawama hutaibeba wewe.

Gauni langu ni la bluu. Liko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, upande wa kushoto, chini ya blanketi, na ufunguo uko kwa mkamwana wangu. Nimewaambia wanangu wote, sasa nimekuambia na wewe. Siku ile ikifika, likikosekana, usithubutu kumtazama yule binti.