Tulimzika Kurwa, siku hiyohiyo nikampakata Doto: sijui nishukuru au nilie

Wakuu, habari za mapumziko.

Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu. Leo naleta ya kwangu, na siongezi chumvi. Yalivyo tu yamenizidi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Mzaliwa wa Njombe, maisha yakanileta Morogoro, naishi Kilakala na mke wangu, Neema. Sisi ni watu wa kanisani kweli, si wa Pasaka na Krismasi. Neema yupo kwaya, mimi napiga gitaa la besi.

Tulikaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto. Wenye uzoefu huo mnaelewa. Kila mwaka mpya mnatajwa kwa majina kwenye maombi mpaka mnatamani kukaa viti vya nyuma.

Halafu mimba ikaingia. Mapacha!

Nilikuwa nachomelea huku naimba, wateja wananishangaa.

Mimba haijafika hata miezi saba, hali ya Neema ikabadilika ghafla. Tukakimbilia hospitali, akafanyiwa operesheni. Wakatoka wasichana wawili, wadogo mno, ngozi kama karatasi. Hatujawaza hata majina, ndugu walishawaita kama mapacha wanavyoitwa: aliyetangulia Kurwa, aliyefuata Doto.

Dada Esta, anayetuongoza kwenye kikundi cha maombi, akaja wodini. Akatushika mikono, akafumba macho.

"Bwana amenionyesha," akasema. "Wote wawili wanarudi nyumbani."

Wakuu, nililishikilia lile neno kama mtu aliyeng'ang'ania mzizi kwenye mafuriko. Madaktari wakiongea, mimi nasikia sauti ya Esta tu.

Kurwa akafariki.

Neema hakuweza kutoka kitandani kwa sababu ya kidonda cha operesheni. Aliniambia kitu kimoja tu: "Mfunike vizuri, baridi isimpate."

Tukamzika asubuhi, mimi, mchungaji na wazee wachache wa kanisa. Manyunyu yanadondoka, Uluguru yote imemezwa na wingu, huoni mlima. Nilimfunika kwa kishali, nikakikunja mara mbili, kama vile ingeleta tofauti.

Kutoka makaburini nikaenda moja kwa moja hospitali. Sijakaa sawa, nesi akaniita.

"Baba Doto, nawa mikono mpaka kwenye viwiko. Vua shati. Mama amechoka, mtoto anahitaji joto la kifua."

Nilinawa udongo wa kaburi la mmoja ili nimpakate mwingine.

Akanilazia Doto kifuani, akatufunga na kanga. Nikamsikia anapumua.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na sijatoka mpaka leo. Nikitaka kushukuru kwa huyu, naona namsaliti yule. Nikitaka kumlilia yule, naona kama namkosea Mungu aliyenibakishia huyu. Nikafungua mdomo niombe, likatoka neno moja tu: "Mungu." Sikujua niendelee na nini.

Simu nayo inaingiza meseji. Huyu anaandika "hongera", huyu anaandika "pole". Mwingine kaandika zote mbili kwenye mstari mmoja.

Jirani yetu Bibi Zuhura, Mluguru wa huko juu milimani, Muislamu wa swala tano, akaja na chupa ya uji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mama yake anaendeleaje?"

Badala ya kumjibu nikajikuta nauliza, "Bibi, hivi hapa mtu anashukuru au analia?"

Akanitazama. "Mimi nimezika wanangu, nimelea wengine. Sijajua bado. Kunywa uji, umepoa."

Dada Esta nilimfuata baadaye. Nilikuwa nimejipanga kugomba, wakuu, nisiwafiche. Nikamuuliza, "Dada, ulionyeshwa nini?"

Akakaa chini, machozi yanamtoka. "Sijui, kaka. Nilitamani sana iwe hivyo, nikadhani ni sauti ya Mungu. Nisamehe."

Hasira yote ikaniishia. Mimi mwenyewe nilitamani hivyohivyo, tofauti ni kwamba yeye alisema kwa sauti.

Doto akaongezeka, taratibu, mpaka tukaruhusiwa. Ikafika Jumapili ya kutoa shukrani. Mchungaji akatuita mbele. Nikapewa kipaza sauti, nikasimama pale kama nguzo. Watu wanasubiri waseme amina.

Neema akakichukua mkononi mwangu.

"Tulimwomba Mungu atuachie wote wawili," akasema. "Tunaye mmoja. Sijui kwa nini. Anayejua, naomba leo asiniambie. Ila huyu anapumua, na mimi bado namwita Mungu Baba. Nimefikia hapo tu."

Hakuna aliyepiga makofi.

Mama mmoja akasimama nyuma, akataja jina la mwanawe aliyefariki. Jina tu, akakaa. Akasimama mzee mmoja, naye akataja la mtoto wake. Wakaendelea hivyo, watu niliosali nao miaka na sikujua kama walishazika. Mchungaji akafunga Biblia yake, akaja kukaa kwenye ngazi ya madhabahu, na yeye akataja jina.

Hatukusikia mahubiri siku ile.

Nilichojifunza ni kidogo, na sina uhakika nacho sana. Nilidhani kumtumaini Mungu ni kuwa na uhakika wa kitakachotokea. Sasa naona watu wengi wanamtumaini huku hawaelewi kabisa alichofanya, na wanaendelea kuja ibadani. Nami naenda. Kuna siku naimba, kuna siku napiga besi tu na mdomo nimefunga.

Tafadhali, wa kunitafutia sababu ya kifo cha mwanangu apite kimyakimya. Nawauliza wengine: nyie mlioomba kwa moyo wote mkapewa nusu, mkipiga magoti mnaanza na neno gani?